Sauti Ndani ya Kisanduku

Ukishuka daladala pale Makumbusho, Kijitonyama, saa mbili usiku, harufu ya kwanza kukupokea ni ya mafuta ya chipsi. Twende polepole, hakuna haraka. Huku kijana anageuza mishikaki kwenye jiko la mkaa, kule mama anapanga machungwa mafungu mafungu juu ya gunia, na katikati yao makondakta wanaita Mwenge, Posta, Kariakoo mpaka sauti zinakwaruza. Tukiipa kisogo kelele hiyo na kuingia geti la Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunapita chini ya miti ambayo kunguru wamekwisha kulala, tunapanda ngazi, tunakwenda mpaka chumba cha mwisho cha korido. Hicho kilikuwa stoo. Kompyuta za zamani zimepandana hadi karibu na dari, viti vimekosa mguu mmoja mmoja, na kuna ile harufu ya vumbi lililoungua inayotoka nyuma ya mashine ambazo hazijawashwa kwa miaka. Humo ndimo tulimokuwa tukirekodi hadithi za watoto, katikati ya mwaka 2018.

Stoo hiyo aliichagua Mzenji. Bwenini Mabibo kila dirisha lilikuwa na redio yake. Maabara ilikuwa na kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha. Basi akaanza kupita chumba kwa chumba, akipiga kofi moja na kutega sikio, huku sisi tukimfuata nyuma na kucheka. Alipofika stoo akapiga kofi, akanyamaza, akapiga tena. "Hapa sauti haizunguki," akasema. "Yakaa palepale." Tukaazima magodoro mawili, tukayasimamisha ukutani, tukatundika blanketi mlangoni, tukazima feni. Yeyote aliyewahi kuzima feni Dar es Salaam ndani ya chumba kisicho na dirisha anajua tulichokuwa tumejitakia.

Tulikuwa watano na hakuna aliyeitwa jina lake. Mangi alitoka Marangu na ndiye aliyeshika fedha. Hatukumpigia kura, alizishika tu. Ngosha alitoka Shinyanga, mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabu, na programu zote zilipita mikononi mwake. Mzenji alizaliwa Unguja, akisoma uhandisi wa kompyuta, na yeye ndiye mwenye sauti. Mwalimu hakuwa wa Kijitonyama. Alikuwa akisoma ualimu kule Mlimani, na wazo lote lilikuwa lake. Mimi ni Mpare wa Usangi, kwa hiyo mtani wa Mangi kwa kuzaliwa, na kazi yangu ilikuwa waya, betri na chochote kinachoweza kumpiga mtu shoti.

Mwalimu alilelewa na mama yake mdogo, ambaye alikuwa akifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule moja ya kijijini wilayani Muheza. Tangu Januari 2016, ada na michango ilipoondolewa, watoto walikuwa wamefurika shuleni, na hilo lilikuwa jambo la furaha kwa kila mtu isipokuwa kwa mtu mmoja aliyesimama peke yake mbele ya darasa akiwa na chaki na koo lake. Mama mdogo alikuwa akisoma hadithi kwa kupaza sauti, na safu za nyuma hazisikii. Kitabu kimoja kilizungukwa na vichwa vingi, na wapo waliojifunza kusoma maandishi yakiwa yamegeuka juu chini, kwa sababu upande huo ndiko walikokuwa wamepata nafasi ya kukaa. Mwalimu alipotusimulia hilo, kwenye benchi la mama lishe, sahani za wali maharage mapajani, Ngosha aliacha kula. Kesho yake akaja na karatasi yenye michoro.

Kifaa chenyewe hakikuwa na maajabu. Kulikuwa na Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa shati, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Toleo la tatu, la 2016, lilikuja na Wi-Fi ndani yake, na hiyo ndiyo tuliyoinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa amemaliza chuo. Ukiipa umeme kidogo wa sola inatengeneza mtandao wake yenyewe, bila bando, bila mnara. Tableti zilizo karibu zinauona na kufungua kilichomo. Ndani tuliweka Kolibri, programu ya masomo iliyotoka 2017, ambayo programu iliyoitangulia ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko San Diego. Tuliweka pia Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa njia ya Kiwix. Na hadithi tulizichukua African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaotoa vitabu vya watoto kwa lugha za Kiafrika na kuruhusu kila mtu avitumie na kuvigeuza. Hadithi zilikuwa na picha nzuri na maneno machache. Sauti hazikuwa nazo.

Vingine vilitoka Kariakoo, na nitapita Kariakoo haraka ingawa Mangi angetaka tukae huko kutwa. Mtaa wa Aggrey saa nne asubuhi: vumbi, jua, mikokoteni inayokupigia kelele upishe, vijana wanaokuvuta mkono wakiuliza simu yako inauzwa bei gani. Tulinunua tableti za mtumba, nyingine na ufa kwenye kona ya kioo. Ilipofika zamu ya kadi za kumbukumbu, Ngosha aliketi juu ya kigoda cha muuzaji, akafungua kompyuta yake ya mapajani, akaanza kuijaza kila kadi mpaka mwisho kabla hatujatoa hela, maana zilikuwapo kadi zilizoandikwa GB 64 na ndani mna robo yake. Muuzaji alinuna, kisha akaleta soda, kisha akaanza kuuliza maswali. Tulipoondoka alikuwa ameziweka kando kadi zake nyingine azijaribu vilevile.

Turudi stoo. Kaa hapa juu ya kasha, usitikisike. Simu ya Mangi, ambayo kinasa sauti chake ndicho kilichotuvumilia, imelazwa juu ya rundo la vitabu, imefunikwa soksi safi ili pumzi zisivume. Mzenji ameketi mkekani. Kurasa za hadithi amezibandika ukutani moja moja, zisije zikachakarika mkononi. Kando yake kuna chupa ya chai ya tangawizi, na kibumba cha halua ambacho mama yake humtumia kwa boti ya asubuhi, kimefungwa kwa ukindu, kinanukia iliki hata kabla hakijafunguliwa. Ngosha anainua kidole. Wote tunashika pumzi. Mzenji anaanza kusoma habari za kuku na fisi na bibi na migomba yake, na zile dh na gh zinatoka zimenyooka, kila neno linakaa kidogo kabla ya mwisho wake, halafu linaachiwa.

Bajaji inapita barabarani. Ngosha anashusha kidole. Tunaanza upya.

Mwalimu alikaa ubavuni mwa Mzenji na kitabu chake mwenyewe. Kidole chake cha shahada kilitembea chini ya maneno, silabi kwa silabi, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Sauti ikikitangulia kidole, alitikisa kichwa. "Umemwacha," alisema. "Bado yuko kwenye ma-ji, wewe umeshafika mtoni." Mzenji, ambaye hakupenda kusahihishwa Kiswahili na mtu yeyote wa bara, kwa hilo alikubali bila neno. Alijifunza kusoma huku jicho moja liko kwenye karatasi na jingine kwenye kidole cha mwenzake. Usiku mwingine walikwenda pamoja namna hiyo ukurasa mzima bila Ngosha kushusha mkono, na jasho likatutiririka mgongoni, na hakuna aliyethubutu kujipangusa.

Ugomvi wetu mkubwa ulihusu ukurasa wa mwanzo. Ngosha alikuwa ametengeneza kitu safi: rangi ya samawati, orodha imepangwa vizuri, Hadithi, Hesabu, Sayansi, Kamusi. Alituonyesha akiwa na aibu kidogo, kwa namna ya mtu anayejua kwamba kazi ni nzuri. Mwalimu aliangalia muda mrefu. "Mtoto hajui kusoma," akasema. "Ndiyo maana tunampelekea hiki. Sasa hapa mwanzoni umemwekea mtihani." Ngosha akafunga kompyuta, akaondoka bila kuaga. Mangi akataka amfuate, Mzenji akamzuia. Asubuhi tulimkuta Ngosha maabara, macho mekundu, orodha imefutwa yote, na mahali pake miraba mitupu. "Picha," akasema. "Nani anajua kuchora?"

Aliyejua kuchora ni Mangi. Hakuna aliyetarajia. Yule mtu wa kupunguza bei na kuandika kila senti kwenye daftari lenye gamba jeusi alichukua kalamu ileile ya hesabu, na nyuma ya risiti za Kariakoo akachora jogoo aliyeinua shingo, kwa ajili ya hadithi. Mafungu ya machungwa, kwa ajili ya hesabu. Jani la mgomba, kwa ajili ya viumbe hai. Na mlango uliofunguliwa nusu, kwa ajili ya kurudi nyumbani. Ukimgusa jogoo, sauti ya Mzenji inasema "Hadithi", basi. Jogoo yule nampenda mpaka leo. Ana jicho la kijeuri.

Likizo ndefu ilipofika tukapanda basi Ubungo, alfajiri bado kuna giza, wauza karanga na mswaki wakigonga madirisha. Paneli ya sola ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi na kanga mbili na imesimamishwa kati ya miguu yangu. Kisanduku kilichobeba ile kompyuta alikipakata Mzenji. Kilikuwa cha mbao za mninga, kazi ya fundi seremala wa Sinza, na bado kilinuka vanishi. Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Hapo madirisha yakajaa mayai ya kuchemsha, korosho na chumvi iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti. Kutoka Chalinze basi liligeukia kaskazini, joto likapanda, wenzangu wakalala. Pale Segera njia zinapoachana nilikuwa macho. Ya kushoto inakwenda Korogwe na Mombo, halafu Same, mpaka kwetu. Nilijua kila kilima cha njia ile. Mangi aliamka akaona ninavyotazama, akasema Wapare hulia wakiona njia ya kwao kwa sababu wamekumbuka deni, akalala tena.

Sisi tukashika ya kulia. Mkonge mistari mirefu, kisha michungwa, kisha upande wa kushoto milima ya Usambara Mashariki ikaanza kuinuka, ya kijani kibichi na ukungu kichwani. Muheza ilikuwa imejaa machungwa. Yalikuwa kwenye malori, kwenye matoroli, kwenye vilima pembeni mwa barabara, na maganda yake yalikanyagwa mpaka stendi nzima ikanukia. Tukadandia pikapu inayopanda barabara ya kuelekea Amani. Kila ilipopunguza mwendo mbele ya nyumba, harufu ilibadilika: mdalasini umeanikwa kwenye mkeka, pilipili manga kwenye turubai, iliki, moshi wa kuni, mbuzi. Ngosha, mwana wa mbuga na pamba, alikuwa amesimama nyuma ya pikapu ameshika chuma kwa mikono miwili, akivuta hewa tu. Alisema hajawahi kuona miti mingi hivyo isiyo ya mtu.

Mama mdogo alitupokea na bada, ule ugali wa mhogo wa Tanga, na samaki wa kupaka, na kisamvu cha nazi. Wavulana tulilala sebuleni, juu ya mkeka, tukisikiliza komba wakilia mitini. Mangi aliapa ni mtoto mchanga ametupwa, akataka kutoka na tochi.

Kesho yake jioni mzee mmoja alikuja barazani, akasalimiwa shikamoo na watu watano kwa mpigo, akaitikia marahaba kila mmoja wake, akaketi. Alitukagua. "Nyie ndio wale wa tableti?" akauliza. Tukasema hapana, sisi wanafunzi tu. Lakini tulijua anawasema akina nani. Mwaka huo mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa majaribio ya shindano kubwa la kimataifa: watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi, wengi wao hawajawahi kwenda shule, walikuwa wamepewa tableti zilizotolewa na Google zenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, programu za timu tano zilizofika fainali. Mwaka uliofuata, Mei 2019, timu mbili, onebillion na Kitkit School, zingegawana zawadi ya dola milioni 10. Sisi tulikuwa na kisanduku cha mninga na daftari la Mangi. Mzee alisikiliza maelezo ya Mwalimu mpaka mwisho, akasema, "Basi hiki chenu kinasoma. Si kibaya. Mimi macho yamekwisha, kinisomee na mimi." Na kweli Mzenji alikitoa, akakiweka magotini mwa mzee, akamgusishia jogoo kwenye tableti.

Njoo sasa shuleni. Kengele ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na anayeigonga ni mvulana wa darasa la sita anayejua kwamba wote tunamtazama. Watoto wanakuja na madumu ya maji kichwani na mafagio ya chelewa mkononi. Mashati meupe, mengine yamepata rangi ya udongo ambayo sabuni imeshindwa nayo. Vumbi linamwagiwa maji, linanukia mvua. Mstarini wanatusalimu kwa sauti moja ndefu, "Shikamooni waliiimu," na Mangi, ambaye hajawahi kuitwa mwalimu na mtu yeyote, anatazama nyuma aone ni nani anayesalimiwa.

Darasani walikaa wanne wanne kwenye madawati mapya ya 2016, na waliobaki chini mbele. Mwalimu Mkuu, mtu mwembamba mwenye koti la mikono mirefu hata kwenye joto, alisimama mlangoni mikono nyuma. Nilifunga paneli juu ya paa la bati nikashuka na viganja vimeungua, nikaunganisha betri, taa ndogo nyekundu ikawaka. Ngosha akamgusa jogoo kwenye tableti, na kutoka kwenye spika, ndani ya chumba kilichojaa pumzi za watoto, ikasikika ile stoo ya Kijitonyama. Sijui niseme vipi. Nilisikia magodoro. Nilisikia ule ukimya wetu wote watano uliokaa nyuma ya sauti ya Mzenji, na mahali fulani, ukurasa wa pili, bajaji moja mbali sana ambayo Ngosha alikuwa ameisamehe.

Watoto hawakutazama spika. Walimtazama Mzenji. Alikuwa amesimama dirishani na mdomo wake haukuwa ukisogea. Msichana mmoja wa mbele, nywele zimenyolewa, akaegemea meza akachungulia nyuma ya kisanduku, akamrudia Mzenji, akamvuta kanzu. "Dada," akamwuliza kwa kunong'ona ambako darasa zima lilisikia, "umetokaje mle?"

Kisha tukagawa tableti, na pale mambo yakaharibika kwa namna nzuri kuliko zote. Kila mtoto aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kama walivyofundishwa na mama mdogo, akakiburuta kufuata sauti. Na kila kidole kilipoburutwa, kioo kilidhani kinaambiwa kigeuze ukurasa. Hadithi zikaruka. Fisi alikufa kabla hajazaliwa. Vicheko vikapasuka darasa zima, wakarudia makusudi, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mama mdogo akapiga makofi matatu na wote wakafunga midomo. Mwalimu alikuwa amejiinamia mezani mabega yanatikisika. Wiki zote zile tumeipima sauti kwa kidole chake, kurasa zote, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba kidole hichohicho kingekuja kugusa kioo.

Usiku ule Ngosha alifanya kazi barazani kwa taa ya sola, wadudu wakimgonga usoni, mama mdogo akimletea chai ya mchaichai kila alipopiga miayo. Mangi alichora jani dogo kwa ajili ya kona ya chini ya ukurasa. Asubuhi ukurasa ulikuwa haugeuki mpaka uguse jani. Vidole vikawa huru kutembea.

Umeme nao ulikuwa na yake. Kisanduku kilizimika na kuwaka chenyewe mchana wa jua kali, na sababu ilikuwa waya mrefu mwembamba uliokula umeme njiani. Nilikipeleka kwa fundi redio wa Muheza mjini, kibanda chenye mizoga ya redio za miaka yote na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Alinisikiliza, akaukata waya wangu bila kuomba ruhusa, akaunga mwingine mnene wa urefu wa kiganja, akakataa malipo. Alitaka tu aonyeshwe Wikipedia. Akatafuta mji wa Tanga, akasoma, akakunja uso, akasema wamesahau mambo mengi.

Walimu nao waliipenda Wikipedia hiyo kuliko sisi tulivyokuwa tumedhani. Saa ya uji walijifungia ofisini na tableti moja, na ukipita dirishani unasikia Mwalimu Mkuu akiwasomea wenzake habari za volkano.

Lakini ninachokitaka zaidi ukione ni zile siku za mwisho mwisho, watoto walipogundua kwamba simu ya Mangi inaweza kunasa. Yule msichana aliyenyolewa ndiye aliyeanza. Alikuja na hadithi ya bibi yake, akasimama ukutani na mikono imenyooka, akaikariri kwa pumzi moja. Kesho yake akamleta bibi mwenyewe. Bibi alivaa kanga mpya yenye mistari bado inang'aa, akapewa kiti cha Mwalimu Mkuu, akasema, "Paukwa!" na darasa likajibu "Pakawa!" kwa nguvu ambayo ilifanya simu ipige kelele.

Tulijaribu kwa njia ya Kijitonyama. Tuliziba madirisha kwa kanga, tukawatoa watoto nje, Ngosha akainua kidole. Bibi akanyamaza. Akatazama kidole, akatazama chumba kitupu, akauliza anamsimulia nani. Tukawarudisha watoto. Basi wakawa wanakohoa, wanajikuna, wanaitikia. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Mvua ya milimani ikashuka ghafla juu ya bati, ikapita. Na jogoo wa mama mdogo, ambaye hakuwa na adabu ya aina yoyote, akaja mpaka mlangoni akawika katikati ya maneno ya sungura.

Ngosha akashusha kidole.

"Mwache," Mzenji akasema. Yule yule aliyekuwa akituhamisha chumba kwa sababu ya feni. "Mwache awike. Bibi, endelea."

Hadithi hiyo imo kwenye kisanduku na jogoo wake. Watoto waliichagua kuliko zote zilizosomwa stoo, nikisema kweli, na Mzenji hakuonyesha kuumia. Alikaa nao chini akiitikia pakawa kwa lafudhi yake ya Unguja, wao wakimwiga, yeye akiwaiga.

Tulirudi Dar na magunia mawili ya machungwa ambayo hatukuyaomba. Tableti zilikufa moja moja katika miaka miwili iliyofuata, betri zikivimba. Mama mdogo alituarifu kila kifo kwa ujumbe mfupi, na tarehe yake, kwa utaratibu wa mtu anayetunza rejista. Kisanduku na spika vilidumu zaidi. Baada ya sensa ya 2022 walimu nchini walianza kugawiwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani, naye akapata chake, akampigia Ngosha simu saa nne usiku kumwuliza namna ya kuzihamishia hadithi huko. Ngosha, ambaye sasa yuko Mwanza anaandika programu za benki, alikaa naye kwenye simu mpaka karibu na usiku wa manane, akimwelekeza bonyeza hapa, subiri, bonyeza pale.

Mzenji yuko kwao. Mwalimu ni mwalimu, Handeni, na darasa lake limejaa vilevile. Mangi ana duka la vifaa vya sola Kariakoo, palepale tulipokuwa tukigombea bei, na juu ya kaunta yake amebandika bango alilochora mwenyewe la jogoo mwenye jicho la kijeuri. Wateja hudhani anauza kuku. Nilipita mwezi uliopita kununua chaji kontrola. Alinikumbatia, akaniagizia kahawa, akanipunguzia bei kidogo sana, kisha akainama chini ya kaunta akaibuka na daftari lenye gamba jeusi. Ukurasa anaujua bila kutafuta. Nauli ya pikapu, Muheza kupanda juu, watu watano, alilipa yeye, na mimi nilisema nitamrudishia tukifika. "Mpare," akasema, "na riba sijaweka."

Nilimwambia aandike kwamba nimekiri deni, anipe chaji kontrola yangu, tutaongea mwakani.